DAWA ZA PRESHA NA MISHIPA YA DAMU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mara nyingi tukikutana hapa twazungumza habari ya mshahara. Leo twaomba mtusikilize juu ya mwili unaoutafuta mshahara huo. Sisi si madaktari, ni watu wa reli. Lakini jambo hili tumeuliza na kusoma mpaka tukalielewa, nasi twataka kulieleza kwa maneno ya kazini.

Moyo ni pampu, na mishipa ni mabomba ya damu. Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mabomba hayo. Kipimo kina hesabu mbili: ya juu ni wakati moyo unapopiga, ya chini ni wakati unapopumzika. 120 kwa 80 ni nzuri. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, nayo imepimwa siku zaidi ya moja, hiyo ni presha ya juu. Ubaya wake ni kwamba haina kelele. Mtu hubeba mzigo, hula, hucheka, kumbe mishipa yaumia. Mwisho huja kiharusi, au moyo kuchoka, au figo kuharibika.

Sasa, bomba la chuma halibadili upana wake, lakini mshipa wa damu ni kitu hai. Ukutani mwake mna misuli inayokaza na kulegea. Na kila aliyefanya kazi ya maji ajua kwamba bomba jembamba lina taabu. Njia ikipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha maji huzidi mara 16. Kwa hiyo mishipa midogo ikilegea kidogo tu, presha hushuka sana. Hiyo ndiyo kazi ya dawa nyingi za presha.

Iko amlodipini. Misuli ya mshipa haiwezi kukaza bila kuingiwa na madini ya kalisi. Amlodipini hufunga milango ya kalisi, misuli ikalegea.

Iko enalaprili. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kiitwacho anjiotensini, kinachoamuru mishipa ikaze. Enalaprili huzuia amri hiyo isiandikwe. Losatani huiacha iandikwe, lakini huzuia mshipa usiipokee. Dawa za jamii ya enalaprili zilianzia katika sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca, ambayo hushusha presha ya aliyeumwa. Wataalamu wakachunguza sababu yake, na dawa ya kwanza ya kumeza ya jamii hiyo ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Tena iko haidroklorothiazaidi, ambayo hutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo.

Dawa hizi zina adabu yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Ukiona hivyo, usizitupe. Rudi kwa daktari, atakubadilishia. Mama mwenye mimba asitumie enalaprili wala losatani. Wala msigawane vidonge, maana dawa ya jirani si lazima iwe yako.

Ndugu zetu, neno kubwa ni hili. Wako wenzetu wanaopimwa, wakiambiwa presha imeshuka, huacha dawa wakidhani wamepona. Dawa hizi hazing'oi ugonjwa, huushika tu. Treni ikipita salama kwa sababu mtu wa ishara yuko kazini, je, tumfukuze kwa kuwa hapakutokea ajali? Kidonge kikiachwa, mishipa hukaza tena, na presha hurudi kimya kimya.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikufa tarehe 12 Aprili 1945, damu ikivuja kichwani, umri wake miaka 63. Presha yake ilikuwa juu kwa miaka mingi, na madaktari wake hawakuwa na dawa nzuri ya kuishusha. Leo mtu wa gengi aweza kumeza kidonge ambacho rais yule hakukipata. Ni hasara gani basi kukiacha kabatini!

Lakini lawama si ya mgonjwa peke yake. Mtu akikatwa mshahara kwa kwenda kliniki, hatakwenda. Akiogopa kwamba presha yake itamwondoa kazini, ataificha. Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu:

1. Kila tawi limwite muuguzi aje kuwapima wanachama.
2. Chama kidai ruhusa ya saa za kliniki bila kukatwa mshahara.
3. Jibu la kipimo liwe siri ya mwenyewe na daktari wake.

Na wewe mwanachama, kapimwe, punguza chumvi, meza dawa yako kila siku kama ulivyoandikiwa. Chama ni watu, na watu ni wale walio hai.