Vumbi la Kabwe

Msikilizaji, leo tuko Kabwe, mji ulio kaskazini mwa Lusaka, Zambia. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, baada ya kuchimbwa kwa miaka tisini hivi. Wachimbaji wakaondoka, risasi ikabaki. Haiozi. Imekaa kwenye udongo wa juu, na kiangazi upepo huipeperusha hadi uani, hadi kwenye mkeka.

Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Anatambaa, anashika chini, anatia vidole mdomoni. Risasi anayoimeza, mwili wake huifyonza mara nne au tano zaidi kuliko wa mtu mzima. Hudhuru ubongo, hupunguza damu, na ikizidi huleta degedege. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Je, tuchemshe maji ili kuondoa risasi? Hapana, moto huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, risasi ni ileile. Afadhali kupiga deki kwa kitambaa kibichi kuliko kufagia pakavu, kuacha viatu nje, na kumnawisha mtoto kabla hajala.

Ila tusimtwishe mama mzigo wote. Dawa yenyewe ni kuondoa udongo ule au kuufunika, na hiyo si kazi ya ndoo na sabuni.

Nawe unayeishi jirani na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, ya mgodi wa zamani, usiyachukue kama mchanga wa kujengea. Kuhusu mtoto, kipimo ni cha damu, kiulizie hospitalini.