Mtandao Usiokuacha Njiani: Mazungumzo na Madereva wa Masafa Marefu, Mikumi

 Tumechagua Mikumi kwa makusudi. Hapa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana na njia ya Kilosa kwa upande mmoja, na ile ya Kidatu na Ifakara kwa upande mwingine. Alalaye hapa leo, kesho atakuwa amekwishapanda Kitonga, na baada ya hapo safari ni ya mpakani. Mtu wa namna hiyo hawezi kuchagua mtandao wa simu kama mwenye duka wa Kilosa mjini, ambaye mnara anauona akiwa mlangoni pake.

Kila tunapokutana nanyi swali huwa moja: mtandao upi ni bora? Nchini mwetu wapo Vodacom, Airtel, Yas iliyojulikana zamani kama Tigo, Halotel na TTCL. Hatutawatajia mmoja na kuwaambia muufuate, kwa sababu ubora wa mtandao kwa dereva hupimwa kwa barabara anayoipita. Kazi yetu ni kuwapa kipimo. Kupima ni juu yenu.

Jambo la kwanza ni kuijua njia. Mawimbi ya simu husafiri karibu na mstari ulionyooka, na mlima ukisimama kati ya mnara na simu, nguvu yake hupungua au hukatika kabisa. Ndiyo maana simu inayoita vizuri Morogoro mjini inaweza kunyamaza kwenye bonde la Ruaha au kwenye kona za Kitonga. Kwa upande wa hifadhi ya Mikumi, barabara hupita takriban kilomita 50 ndani ya mbuga, mahali ambapo hakuna makazi ya watu kandokando. Gari likiharibika hapo usiku, dereva hawezi kushuka na kutembea kutafuta msaada, kwa kuwa mbugani wamo tembo, nyati na simba. Katika saa hiyo simu ndiyo mlango pekee wa kutokea, na laini isiyoshika haina thamani hata kama kifurushi chake kilikuwa rahisi namna gani.

Kwa hiyo tunashauri daftari dogo. Kwa safari mbili au tatu, kila mnaposimama, mwandike jina la mahali, mtandao uliopo, na kama simu ilipigika kweli. Msiridhike na alama zinazoonekana kwenye kioo, kwani mtandao ulioelemewa na watu wengi huonyesha alama kamili na bado simu haitoki. Pigeni simu moja, tumeni ujumbe mmoja, fungueni ramani. Jaribuni pia saa za jioni, magari yanapojaa maegeshoni. Na daftari hilo lipitiwe upya mara kwa mara, maana ramani ya minara hubadilika: Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Jambo la pili ni laini mbili. Simu nyingi za leo hupokea laini mbili, lakini laini mbili za kampuni moja hukatika pamoja. Someni daftari lenu, kisha chagueni mitandao miwili inayosaidiana, ule unaoshika pale mwenzake anapokosekana. Kumbukeni pia kwamba simu ya dharura kwa namba 112 imeundwa ipite kwenye mtandao wowote utakaopatikana mahali hapo, hata kama laini yenu haina mawimbi. Ijaribuni kwanza kabla ya kukata tamaa.

Jambo la tatu ni gharama. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na vifurushi huthibitisha. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kifurushi cha saa 24 kinauzwa shilingi 1,000 na kina dakika 50. Cha siku 7 kinauzwa shilingi 3,000 na kina dakika 100. Kwa kutazama haraka, cha kwanza ni nafuu: shilingi 20 kwa dakika dhidi ya 30. Lakini dereva anayeshika usukani mchana kutwa hutumia labda dakika 15 kwa siku, na zinazobaki humalizika muda wake akiwa barabarani. Kwa safari ya siku 6 atalipa shilingi 6,000 kwa dakika 90 alizotumia. Kifurushi cha wiki kingemgharimu nusu ya hizo. Basi kabla ya kununua, ulizeni kinadumu kwa muda gani, kinapiga mitandao yote au mmoja tu, na kikiisha simu itaendelea kukata salio kwa bei gani.

Jambo la nne ni fedha. Posho ya safari, pesa ya tairi na malipo ya fundi siku hizi huja kwa simu. Kabla ya kuifanya laini kuwa mkoba wenu, tazameni kama wakala wa mtandao huo wapo mnakolala, na kama huwa na fedha taslimu ya kutosha. Namba ya siri isijulikane na mwingine yeyote, hata utingo mliyeshirikiana naye miaka mingi. Matapeli nao wanaijua kazi yenu. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humfikia mmiliki wakati gari liko safarini. Na mke nyumbani hupigiwa simu kwamba mumewe amepata ajali, atume pesa ya hospitali upesi. Kubalianeni mapema na familia na wamiliki kwamba hakuna fedha itakayotumwa kwenye namba ngeni kabla ya kusikia sauti ya dereva mwenyewe. Namba ya tapeli itumeni kwa ujumbe kwenda 15040.

Jambo la tano ni usajili. Tunakutana na madereva wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya marafiki au waajiri wa zamani. Laini kama hiyo ikipotea Makambako, mwenye gari yuko Tunduma na mwenye jina yuko Kigamboni: hakuna atakayeirudisha kwa wepesi, na fedha zilizomo hubaki zimefungwa. Pigeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha Taifa. Mkikuta msiyoitambua, nendeni kwa kampuni husika iondolewe, kwa sababu kosa litakalotendwa kwa namba hiyo litatafutwa kwa jina lenu.

Jambo la sita ni mpaka. Tunduma na Nakonde zimeshikana, na simu inaweza kudaka mnara wa Zambia ilhali dereva bado yuko upande wetu, ikakata salio kwa bei ya ugenini. Mnapokaribia mpaka, zimeni intaneti ya ugenini na chagueni mtandao wenu kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Waendao Zambia au Kongo waulize bei za huko kabla ya kuvuka.

Mwisho, mtumiaji asiyeridhika ana haki ya kuondoka. Tangu Machi 2017 inawezekana kuhama mtandao na kubaki na namba ileile. Nendeni kwa wakala wa kampuni mnayohamia mkiwa na kitambulisho, nanyi mtaelekezwa kutuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo toeni fedha zote na mlipe mikopo ya simu, kwani salio na vifurushi havihami pamoja na namba.

Nanyi msinyamaze mkidhulumiwa. Hifadhini ujumbe, tarehe na namba ya muamala. Lalamikeni kwanza kwa kampuni na mdai namba ya lalamiko. Msiporidhika, lifikisheni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi yake ya Mbeya iko kwenye njia yenu hiihii. Lalamiko lenye kumbukumbu hushughulikiwa. Manung'uniko ya maegeshoni hayamfikii yeyote mwenye uwezo wa kuyatatua.

Simu hizi zote mzitumie gari likiwa limesimama.