INJINI ISIYOSHIBA MAFUTA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwa wajumbe, makarani na madereva wa vyama vya msingi



Wenzetu waliotangulia wamekwisha kusema juu ya bei, mizani na hisa. Sisi tumekabidhiwa na Halmashauri jambo ambalo kwa sikio la kwanza laweza kuonekana dogo: habari ya injini ya petroli inayopata mafuta pungufu kuliko haja yake. Tunaomba lisihesabiwe kuwa ni jambo la mafundi peke yao. Kila shilingi inayolipwa gereji hutoka katika makato ya kila kilo ya mazao yenu, na gari likisimama mwezi wa Juni au Julai, wakati kahawa imejaa maghalani, hasara haiwi ya dereva, huwa ya mkulima aliyekwisha kupima na anangoja malipo.

Katika kikao kimoja cha Halmashauri mjumbe mmoja mzee aliuliza swali lililowachekesha wengi. Alisema: “Ikiwa injini yala mafuta kidogo, mbona mnalalamika? Si hilo ndilo tulilokuwa tukiliomba?” Sisi hatukucheka, maana swali hilo ni la haki na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu leo. Injini inayotumia mafuta kidogo kwa sababu ni nzima na dereva ni mwangalifu, hiyo ni faida. Injini inayonyimwa mafuta ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi hata buku la safari halionyeshi akiba yoyote, kwa kuwa dereva, akiona gari halina nguvu, hukanyaga zaidi na kupanda mlima kwa gia ndogo.

Petroli haiwaki peke yake. Huwaka ikichanganyika na hewa. Kipimo kilicho sawasawa ni kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Kwa vipimo vya kawaida, lita moja ya petroli yahitaji yapata lita 9,000 za hewa, yaani hewa ya chumba kidogo. Akina mama wanaotengeneza pombe ya ndizi wanajua jambo hili bila kufundishwa: maji yakizidi katika juisi, pombe haichachuki vema, na aliyenunua hurudisha kibuyu. Hewa ikizidi katika injini, tunasema mchanganyiko ni mwepesi. Mafuta yakizidi, mchanganyiko ni mzito.

Mchanganyiko mzito una kelele nyingi: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zenye masizi. Kila mtu huuona. Mchanganyiko mwepesi ni mwizi wa kimya. Moto wake huenda polepole, hata vali ya kutolea moshi hufunguka wakati mwingine miale ingali ikiwaka ndani, nayo vali huungua ukingoni. Petroli, kabla ya kuwaka, hupoza vyuma kwa kugeuka mvuke. Ikipungua, upozaji huo hupungua pia, na injini ikivuta mzigo mzito huanza kugonga. Pistoni zetu ni za aluminiamu, madini yanayoyeyuka kwenye joto la digrii 660 hivi. Gari likipandishwa mlima mara nyingi katika hali hiyo, pistoni hutoboka, na hapo hatuzungumzi tena habari ya bomba la mpira au chujio, bali injini nzima.

Basi dereva atajuaje? Asubuhi injini baridi hukataa kuwaka mpaka ibembelezwe. Ikiwaka, husita dereva akanyagapo mafuta kwa ghafula, kana kwamba imeulizwa neno ikasahau jibu. Hukohoa kwa upande wa kuvutia hewa. Mlimani hupoteza nguvu, na sindano ya joto hupanda. Kisha iko plagi, ambayo sisi huiita shahidi asiyesema uongo. Ifunguliwe baada ya safari yenye mzigo. Ikiwa ncha yake ina rangi ya kahawia hafifu, injini imekula sawasawa. Ikiwa nyeusi yenye vumbi la masizi, imezidishiwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au ina vitone vidogo vya madini yaliyoyeyuka, gari lisitoke uani siku hiyo hata kama kahawa inangoja.

Lakini kujua kwamba mchanganyiko ni mwepesi ni nusu ya kazi, na hapa ndipo fedha nyingi za vyama hupotea. Mchanganyiko huwa mwepesi kwa njia mbili zisizofanana: ama mafuta hayafiki ya kutosha, ama hewa inaingia kwa mlango usio wake. Fundi asiyeuliza swali hili hubadilisha vitu kwa kubahatisha, na kila bahati ina risiti yake.

Tutoe mfano wa magari mawili ya chama chetu. Pikapu yetu, ambayo mafuta yake hurushwa kwa nozeli na kuongozwa na kompyuta, ilianza kuchoka milimani kwenye njia ya kutoka Nyakahura kwenda Rulenge. Ikisimama, ilinguruma vizuri kabisa. Gereji moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ikabadilisha plagi, tukalipa. Wiki ya pili ikabadilisha kipimo cha hewa, tukalipa zaidi. Mlima ukabaki mlima. Mwishowe dereva wetu mwenyewe akasema neno la busara: “Injini hii haidai kitu ikiwa imekaa, hudai ikifanya kazi.” Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye njaa: akilala haonekani kuwa na njaa. Injini ikiwa haina mzigo huhitaji mafuta machache, na hata njia iliyoziba nusu humtosha. Ikipanda mlima huhitaji mengi, ndipo upungufu huonekana. Pampu ilipotolewa ndani ya tangi, kitambaa chake cha kuchujia kilikuwa kimezibwa kwa matope laini mekundu. Tangi lilikuwa limejazwa kwa madumu msimu mzima.

Gari la pili ni Land Rover kuukuu yenye kabureta. Hiyo ilikuwa kinyume: ilitetemeka na kuzimika ikiwa imesimama, lakini barabarani ilikwenda bila shaka. Hapo mafuta hayakuwa na kosa. Injini inapozunguka polepole, kilango cha kabureta hufungwa karibu chote, na mvuto ndani ya bomba la hewa huwa mkali. Tundu dogo huvuta hewa nyingi isiyopimwa. Dereva akanyagapo, kilango hufunguka, mvuto hupungua, na hewa ya wizi huwa kidogo mbele ya hewa nyingi ya halali. Gasketi kati ya bomba la hewa na kichwa cha silinda ilikuwa imepasuka. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuifuata.

Tunaomba kila dereva akariri tofauti hiyo: ubaya unaoonekana gari likiwa limesimama huelekeza kwenye hewa; ubaya unaoonekana mlimani huelekeza kwenye mafuta. Haitoshi kwa kila kesi, lakini itamzuia mtu asinunue pampu kwa gari lenye tundu la hewa.

Kutafuta hewa ya wizi si kazi ya fedha. Injini ikinguruma polepole, sikiliza kama kuna mluzi. Rushia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya bomba la hewa na kwenye mipira midogo inayokwenda kwenye breki. Sauti ikibadilika, umefika. Wako wanaorushia petroli badala ya maji ili waone injini ikiongeza mwendo. Jambo hilo tunalikataza katika ua wa chama. Petroli juu ya chuma cha moto ni njia ya haraka ya kuteketeza gari pamoja na fundi.

Kwa upande wa mafuta, anza nyuma uende mbele. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapata nafuu, tundu la pumzi la kifuniko limeziba, nalo tangi lilikuwa likijinyonga lenyewe. Kisha chujio. Kisha pampu: kwa gari la kabureta, bomba hufunguliwa na mafuta hupimwa katika chupa safi, mbali na moto na sigara, yatoke kwa mapigo yenye nguvu, bila mapovu. Pampu ya gari la nozeli hupimwa kwa geji, maana shinikizo lake ni kubwa, mara nyingi karibu na bar 3, na bomba lake halifunguliwi ovyo. Mwisho kabureta yenyewe: jeti iliyozibwa na uchafu, au floti iliyowekwa chini mno. Madereva wengi huanza na kabureta kwa sababu iko karibu na mkono. Sisi twasema iwe ya mwisho.

Kwa magari yenye kompyuta, mashine ndogo ya kusomea hupatikana sasa kwa bei ambayo chama cha msingi chaweza kumudu. Ikionyesha alama P0171, maana yake kompyuta imeona mchanganyiko mwepesi. Haisemi kwamba kifaa fulani kimekufa. Fundi anayesoma alama hiyo na papo hapo kuandika orodha ya vipuri aombwe aketi kwanza. Mashine hiyo hiyo huonyesha ni asilimia ngapi kompyuta imelazimika kuongeza mafuta. Kiasi kikipita asilimia 10 injini ikiwa imesimama, kisha kikashuka ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, tafuta hewa ya wizi. Kikipanda gari likivuta mzigo, tafuta mafuta. Ni somo lile lile la Land Rover na pikapu, limeandikwa kwa tarakimu.

Sasa tuje kwenye pikipiki, maana hizo ni zenu wenyewe na ndizo zinazobeba kahawa kutoka migombani hata ghalani. Nyingi zina kabureta, na nyingi huuawa na mchanganyiko mwepesi kwa mkono wa mwenyewe. Kijana hutoa kichujio cha hewa ili chombo “kipumue”, kisha hukata bomba la moshi ili kilie. Hewa huzidi, jeti hubaki ile ile, na vumbi la kiangazi huingia moja kwa moja kusaga silinda. Baada ya miezi michache pistoni hukwama njiani, naye husema kwamba pikipiki za siku hizi ni mbovu. Wengine hufunika mdomo wa tangi kwa kipande cha mfuko wa plastiki chini ya kifuniko ili mafuta yasimwagike. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini kwenye matangi ya pikipiki yaonekana ilipata hifadhi. Huziba pumzi ya tangi, nayo pikipiki huzima baada ya mwendo mfupi na kuwaka tena ikipumzishwa.

Jaribio la pikipiki ni jepesi mno. Injini ikiwa moto na inasitasita, vuta choki kidogo. Ikipata nguvu, ilikuwa na njaa. Ikizidi kusongwa, ugonjwa ni mwingine. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukunjwe kwa vidole na kutazamwa juani. Huanza kupasuka upande wa chini, pasipoonekana.

Jambo jingine lahusu nchi yetu yenyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na vilima vingi vya Ngara hupita mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa pwani hutoa mafuta mengi kupita kiasi huku kwetu, na fundi mwema huipunguza. Gari hilo likitumwa Dar es Salaam bila kurekebishwa, hukuta hewa nzito na mafuta yale yale machache, na huanza kugonga. Madereva wanaoshuka pwani na gari la kabureta wasimlaumu aliyelipanga Ngara. Alilipanga kwa Ngara.

Kuhusu malori ya dizeli tutasema neno moja tu. Dizeli daima hufanya kazi kwa hewa ya ziada na haina plagi za kutazamwa rangi; upungufu wake wa mafuta huonekana kwa kukosa nguvu na kuzimika, na mara nyingi chanzo ni chujio au hewa iliyoingia katika bomba la mafuta.

Waheshimiwa Wajumbe, vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wazee waliomo humu wanajua mali ya ushirika ikikosa mwenye kuitazama huishia wapi. Kwa hiyo Halmashauri imekubali mambo haya. Madumu ya akiba yatulizwe usiku kucha, na mafuta yamiminwe kwa faneli yenye kichujio, sehemu ya chini ikiachwa. Buku la safari liandike lita, kilometa na mzigo, si lita peke yake. Na hati yoyote ya gereji itakayoomba pampu, kipimo cha hewa au kabureta mpya isitiwe sahihi mpaka iambatane na maandishi ya jaribio lililofanyika: ubaya ulionekana likisimama au likipanda, na plagi zilikuwa na rangi gani. Mafundi wawili wamekwisha kulalamika kwamba tunawafundisha kazi. Tumewajibu kwamba tunajifunza kulipa.

Land Rover imefunguliwa boneti chini ya mwembe. Juu ya meza ziko plagi za pikipiki tulizokusanya vijijini, kila moja na namba yake. Kila chama kitoe dereva mmoja na mjumbe mmoja, wazitazame, waandike ni ipi iliyoshiba na ipi yenye njaa. Fundi wetu atazisoma baada ya chakula cha mchana.