Mavazi ya Sauli

Ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, ninyi mlio safarini, na ninyi mliolala vitandani kwa ugonjwa, karibuni tutafakari pamoja kwa dakika chache.

Katika mtaa wa Makongeni, upande wa Eastlands hapa Nairobi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wanafunzi wa darasa moja walipewa kazi na mwalimu wao. Walitakiwa wachunguze jinsi watu wa zamani walivyojikinga vitani, kisha kila mmoja atengeneze vazi au ngao kwa mikono yake na kuieleza mbele ya wenzake. Baadhi yao ni watoto wetu wa Shule ya Jumapili. Walikuwa wamekutana na dirii na chapeo katika Waefeso sura ya 6, na kwa kuwa hakuna mtu avaaye dirii Makongeni, wakaja kanisani kutuuliza ni vitu gani.

Tuliwaambia waanze na kilicho karibu. Bendera yetu ya Kenya, iliyopandishwa uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, ina ngao katikati na mikuki miwili. Watoto huisimamia bendera hiyo kwa heshima shuleni, lakini hawakuwa wameuliza ngao ile ilitengenezwa kwa kitu gani. Bawabu mmoja Mmasai ndiye aliyewaeleza, tena vizuri kuliko kitabu. Ilikuwa ngozi ngumu ya nyati, imeshonwa kwenye ukingo wa mti, na nyuma yake ubao mrefu wenye mahali pa kushika. Ile rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi haikuwa pambo tu, maana alama zake zilionyesha mwenye ngao ni mtu wa wapi na wa kundi gani. Kijana hakujichorea tu alama aliyoipenda. Kufanya hivyo kulikuwa kama kudai jina lisilo lake.

Kutoka hapo tukasoma nao habari za pwani. Wareno waliofika Mombasa mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, na wale wa Francisco de Almeida walioushambulia mji huo na kuuchoma mwaka 1505, walikuwa na mavazi ya chuma. Wenyeji waliwapinga kwa mishale na mawe. Msichana mmoja akauliza askari hao walistahimilije joto la Mombasa ndani ya chuma. Lilikuwa swali zuri, nasi twadhani walistahimili kwa shida.

Mwisho tukawafikia Warumi, ambao Paulo aliwaona kwa macho yake, kwani barua ile aliiandika akiwa kifungoni. Ngao moja ya Kirumi ya karne ya 3 ilichimbuliwa huko Dura-Europos, nchini Syria. Imetengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi, kama plaiwudi ya siku hizi, kisha ikafunikwa ngozi. Na askari wengi wa Kirumi walivaa shati la pete za chuma, maelfu ya pete zilizoshikana, lenye uzito wa kilo 10 hivi.

Watoto walipendezwa zaidi na Goliathi. Katika Kiebrania dirii yake yaitwa dirii ya magamba, yaani vipande vya shaba vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Uzito wake, shekeli 5,000, wakadiriwa kuwa kilo 57 hivi, zaidi ya nusu gunia la mahindi. Basi watoto wakaona njia. Walikusanya vifuniko vya chupa, wakavigonga kwa jiwe mpaka vikawa bapa, wakavitoboa kwa msumari na kuvishona juu ya gunia. (Si vifuniko vyote vilivyokuwa vya soda, lakini hilo tuliliacha.) Vifuniko zaidi ya 1,500! Lilipokwisha, vazi lile lilikuwa na kilo tatu na zaidi.

Mvulana wa kwanza kulivaa hakumaliza kuzunguka uwanja. Alilalamika kwamba mabega yanamwuma. Ndipo mwenzake akachukua kamba, akamfunga kiunoni kwa nguvu, akalivuta vazi juu kidogo ili likae juu ya kamba. Mtoto akatembea. Uzito ulikuwa umehamia kiunoni. Askari wa Kirumi aliyevaa shati la chuma alifanya vivyo hivyo kwa mshipi wake. Sisi tulijifunza chuoni kwamba Paulo autaja mshipi kabla ya dirii, na kwamba mshipi huo ni kweli, na dirii ni haki. Lakini siku ile, pale uwanjani, tuliona kwa macho jinsi haki isivyobebeka mahali pasipo kweli.

Alikuwapo mvulana mwingine. Mama yake huuza mboga, huamka saa kumi alfajiri kwenda kuzinunua, na baba hayupo. Mama huyo hakupenda gunia lile. Alitwambia, "Mchungaji, wenzake wataleta vitu vya kupendeza. Wangu achekwe?" Akachukua shilingi 1,200 zilizokuwa za chama, akaenda Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hufua bati mchana kutwa, wakitengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko. Fundi akampigia dirii ya bati yenye kung'aa, mabega yameungwa kwa ribiti. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kupendeza.

Siku ya kuonyesha ilipofika, mwalimu akaisifu, kisha akamwuliza mvulana, "Hapa begani umeunganisha vipi?" Mvulana akanyamaza. Darasa zima likamtazama. Mwisho akasema, "Sijui, mwalimu. Ni fundi aliyetengeneza." Wengine walicheka. Alama zake zikawa chini kuliko za wote, na jioni mama yake alimgombeza sana, kwamba angesema lolote tu kuliko kusema vile, kwani fedha zimekwenda na alama hazikuja.

Hatukumkemea mama huyo, wala hatutamkemea leo hewani. Tulimsomea habari za mfalme Sauli. Daudi alipojitoa kumkabili Mfilisti, Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba na dirii. Alimpa kilicho bora katika ghala yake, tena kwa nia njema. Lakini Sauli ndiye aliyewapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani, na Daudi alikuwa kijana mchungaji wa kondoo. Daudi alijaribu kwenda nayo akashindwa. Akamwambia mfalme waziwazi kwamba hakuwa ameyazoea mavazi yale, akayavua. Fikirini ujasiri wa kuvua mavazi ya mfalme mbele ya jeshi lote, wakati adui anangoja bondeni! Ujasiri huo ulitangulia ule wa jiwe na kombeo.

Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Na shilingi zangu?" Hatukuwa na jibu la swali hilo. Wanachama wenzake walimpa muda wa kulipa.

Ndugu msikilizaji, mavazi ya Sauli hayavaliwi na watoto peke yao. Mtu aliyepata kazi kwa cheti kisicho chake huyavaa kila asubuhi, na kila mkubwa wake aulizapo swali, moyo wake huruka. Kijana huweza kusimama katika mkutano akatoa ushuhuda aliousikia kwa mwingine. Wahubiri nao wasijione wametengwa na neno hili. Mabega yanawauma watu wengi ambao kwa nje wanang'aa.

Jumamosi iliyofuata, mvulana yule alikwenda Kamukunji kwa miguu, akamwomba fundi amwonyeshe jinsi ribiti inavyopigwa. Fundi akampa nyundo ndogo na kipande cha bati. Ya kwanza ilipinda, na ya pili pia. Alirudi nyumbani jioni na vipande viwili vya bati vilivyoshikana, akavitia mezani mbele ya mama yake bila kusema neno.

Ninyi wazazi mnaotusikiliza, usiku wa leo someni na watoto wenu 1 Samweli sura ya 17, kuanzia mstari wa 31 hadi wa 40. Kisha mwulizeni kila mtoto ni kitu gani alichokitengeneza mwenyewe juma hili, na kilitengenezwaje. Mpeni nafasi aeleze, wala msimjibie. Bwana awe nanyi.