Msiba Usio na Matanga
(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Igoma)



Sisi wakazi wa Igoma twajua kuomboleza pamoja. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, marehemu wengi walizikwa katika ardhi hii ya Igoma, na hata leo watu wa dini mbalimbali hufika pale makaburini kuwakumbuka. Kukaa pamoja ndiyo dawa yetu ya kale.

UVIKO-19 ulipoingia nchini Machi 2020, ulitunyang'anya dawa hiyo. Kukusanyika kwenyewe kukawa hatari. Shule zilifungwa hadi mwishoni mwa Juni. Biashara ya minofu ya sangara, inayotegemea masoko ya ng'ambo, ikayumba. Vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wenzetu wenye jamaa Gujarat waliona maiti za wazee wao zikichomwa kupitia simu ya mkononi, bila zile siku kumi na tatu za kuomboleza pamoja. Msiba usio na matanga hauishi, huhamia moyoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Hata hivyo, tusiseme kwamba janga humfanya kila mtu ajiue. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa, idadi ya waliojiua miezi ya mwanzo haikupanda. Lakini wakati wa SARS mwaka 2003, wazee waliojiua Hong Kong waliongezeka. Na Japani, katika nusu ya pili ya 2020, wanawake. Hatari humwandama aliyetengwa, aliyepoteza riziki, na anayejiona kuwa mzigo kwa wenziwe.

Kwetu kuna kufuli la pili, nalo ni aibu na hofu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hivyo familia huficha, na mgonjwa hukosa tiba.

Basi tufanye nini? Tumuulize mwenzetu kwa upole na waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, tusimwache peke yake, wala tusimhubirie. Sumu za kunyunyizia pamba na dawa za nyumbani tuziweke mbali naye. Tumsindikize kituo cha afya, au hospitali ya Bugando, penye huduma za magonjwa ya akili. Sala imsindikize mgonjwa hospitalini, isimzuie kwenda.

Janga limepita, lakini wapo ambao matanga yao hayajaanuliwa. Mlango wa hekalu hili u wazi kwa mwanachama na kwa jirani. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, kila mmoja wetu ampigie simu mtu mmoja aliyenyamaza siku nyingi.

Om Shanti.