Nguo ya Mgeni Mlangoni mwa Nyumba ya Ibada

(Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa akina mama na vijana wa Kilungu, walipokutana Nunguni kujitayarisha kwa safari ya kwenda Pwani. Aliyehutubu ni mwalimu mstaafu, mwenyeji wa huko huko Kilungu.)



Nimeombwa niseme nanyi maneno machache kabla hamjaondoka. Habari za nauli, za chakula na za mahali pa kulala zimekwisha kuelezwa na viongozi wenu, nami sina la kuongeza. Neno langu ni moja tu, nalo ni juu ya mavazi. Sisemi mavazi ya kujipamba, bali yale yatupasayo tunapoingia katika nyumba za ibada za watu wengine tukiwa safarini.

Labda mmoja wenu anasema moyoni mwake ya kuwa jambo hili ni dogo, halistahili kukusanyia watu. Mimi nami nilifikiri hivyo nilipokuwa kijana, na ujinga huo ulinipatia aibu ambayo sijaisahau hata leo. Naomba mnivumilie niwaeleze.

Miaka mingi iliyopita nilisafiri na waimbaji wa kwetu kwa lori. Tulitelemka kutoka milima yetu hii hadi Salama, tukashika barabara kuu, tukapita Sultan Hamud na Emali, tukafika Makindu mchana wa jua kali, na njaa imetushika. Hapo Makindu, kama mjuavyo, pana hekalu la Masingasinga, ambao wengi wetu huwaita Makalasinga. Lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli, na desturi ya mahali hapo ni kwamba msafiri ye yote, awe wa dini gani au kabila gani, hupewa chakula bila kudaiwa hata senti moja.

Tulipofika mlangoni, mzee mmoja alinyosha mkono akanipa kitambaa nijifunike kichwa, kisha akanionyesha mahali pa kuweka viatu. Nikakataa. Nilikuwa nimefundishwa kanisani ya kuwa mwanamume huvua kofia mbele ya Mungu, nikaona yule mzee ataka kuniharibia dini yangu. Nikanena kwa sauti kubwa maneno nisiyopenda kuyarudia hapa. Yule mzee hakunijibu kwa hasira. Alikikunja kile kitambaa, akakiweka mahali pake, akaendelea kuwapokea wenzangu.

Shangazi yangu alikuwamo katika safari ile, naye alikuwa mama wa kanisa asiyekosa ibada hata Jumapili moja. Alitoa leso katika kiondo chake, akajifunika, akavua viatu, akanawa mikono, akaingia akala. Mimi nilikaa nje chini ya mti. Waliporudi, wote wameshiba, shangazi akaniambia, “Mwanangu, yule mzee hakukuuliza unamwamini nani. Alitaka kujua tu kama umekuja na adabu.” Nikasafiri na njaa yangu hadi Mtito Andei, nikiyafikiri maneno hayo njia nzima.

Baadaye nilijifunza sababu ya kitambaa kile. Ndani ya hekalu la Masingasinga kimewekwa kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, nao hukiheshimu kama mwalimu aliye hai. Mbele yake watu wote hufunika vichwa, wanaume kwa wanawake, wenyeji kwa wageni. Viatu huachwa nje, na tumbako na pombe haziingizwi kabisa. Wakati wa kula, watu huketi pamoja pasipo kutenga tajiri na maskini. Basi mimi niliyekataa kitambaa nilijitenga mwenyewe na karamu ambayo haikumtenga mtu.

Ndugu zangu, hebu tuangalie jinsi alama za heshima zilivyo mbalimbali. Katika makanisa yetu hapa Kilungu, mwanamume akiingia na kofia kichwani wazee humkazia macho mpaka aivue. Kwa Masingasinga, akiingia na kichwa kitupu ndipo watu huona vibaya. Sisi huingia kanisani na viatu vyetu vya Jumapili vilivyong’arishwa; Mwislamu huviacha mlangoni. Wala hilo la kuvua viatu lisituonekanee geni, kwa maana sote twakumbuka habari za Musa, alivyoambiwa avue viatu mbele ya kile kijiti kilichowaka moto. Alama ni nyingi, lakini maana yake ni moja: mtu amejua ya kuwa hapa anapoingia si mahali pa kawaida.

Na sisi wa Kilungu yafaa tulielewe jambo hili kuliko wengine. Babu zetu walikuwa na ithembo, mahali pa kumwomba Mungu na kutoa sadaka, penye miti isiyokatwa ovyo. Haikuwa njia ya kila mpita njia. Palikuwa na wazee wa kupaangalia na utaratibu wa kupakaribia. Kisha mwaka 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission wakafika Nzaui wakiongozwa na Peter Cameron Scott, na baada ya muda mfupi wakawa na vituo Sakai, Kangundo, na hapa kwetu Kilungu. Siku zile wazee wetu wengi walivaa ngozi na shanga, na wageni wale walivaa nguo za kwao. Kila upande uliutazama mwingine na kuupima kwa mavazi yake. Kwa hiyo twajua vizuri uchungu wa kudharauliwa kwa sababu ya nguo, na uchungu wa kuona mahali tunapopaheshimu pakikanyagwa na asiyejali. Lililotuuma sisi tusilitende kwa wengine.

Sasa nije kwenye safari yenu. Mtafika Mombasa, na bila shaka mtapelekwa kuona Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593. Ngome si nyumba ya ibada, ingawa jina lake laweza kumdanganya mtu. Lakini mkitoka hapo mtaingia mara moja katika Mji wa Kale, wenye misikiti ya tangu zamani, kama vile Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana ulijengwa mwaka 1570. Njia zake ni nyembamba, na watu wanakaa vibarazani mwao. Kijana atokaye kuogelea baharini, akapita hapo na kaptula iliyolowa maji na kifua wazi, amewavunjia heshima wenyeji hata kabla hajafika mlango wa msikiti.

Mkitaka kuingia msikitini, ombeni ruhusa kwanza kwa imamu au msimamizi. Ipo misikiti isiyopokea wageni wasio Waislamu, na mkiambiwa hivyo, itikieni kwa upole mwende zenu. Mwenye nyumba ndiye mwenye mlango. Msiende wakati wa sala, hasa adhuhuri ya Ijumaa. Mwanamume avae suruali ndefu na shati lenye mikono. Mwanamke avae nguo ndefu, pana, isiyoonyesha mwili, yenye mikono mirefu, na ajifunike nywele. Viatu viachwe nje. Akiwapo mtu anayesali, asipite mtu mbele yake.

Mombasa pia pana hekalu la Wajaini, lililojengwa kwa marumaru nyeupe. Watu wa dini hiyo wanajizuia sana wasidhuru kiumbe cho chote chenye uhai, na kwa sababu hiyo vitu vya ngozi haviingizwi katika mahekalu yao. Basi si viatu tu vinavyoachwa nje, bali hata mshipi wa ngozi na mkoba wa ngozi. Nawaambieni mapema, ili mwanamume ambaye suruali yake yashikiliwa na mshipi peke yake ajitayarishe vingine.

Na wale watakaoendelea kusini hadi Kwale watasikia habari za kaya za Wamijikenda. Hiyo ni misitu mitakatifu, ambayo mwaka 2008 baadhi yake iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, hupokea wageni. Hapo mgeni hupewa kaniki, nguo nyeusi, ajifunge kiunoni kabla ya kuingia msituni, na mwenye kofia huivua. Kupiga picha ni pale tu anapoelekezwa. Msiseme, “Hii ni miti tu, mbona tunavalishwa?” Mtu wa mbali akija hapa kwetu naye aweza kusema ya kuwa kanisa letu ni mawe na mabati tu.

Sasa nataka kujibu swali nililoulizwa jana na mzee mmoja ninayemheshimu sana. Alisema hivi: “Mwalimu, mimi ni Mkristo. Nikijifunika kichwa katika hekalu la Masingasinga, au nikijifunga kaniki msituni, je, si nimeabudu pamoja nao?” Swali hili ni la haki, wala halitokani na ujinga. Mtu asiyeogopa kuipoteza imani yake huenda hana imani ya kupoteza.

Jibu langu ni hili. Kuna nguo ya mgeni, na kuna nguo ya mwamini, nazo ni mbili mbali. Nguo ya mgeni ni ile ambayo wenyeji humpa kila aingiaye, bila kumwuliza dini yake. Haimfungi kwa ahadi yo yote. Ni kama kuvua kofia unapobisha hodi kwa mkweo: umemheshimu, lakini hukugeuka kuwa mtu wa ukoo wake. Nguo ya mwamini ni nyingine. Waislamu waendao Makka kuhiji, wanaume huvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, ziitwazo ihramu, na kwa vazi hilo mkubwa na mdogo huonekana sawa mbele ya Mungu. Hiyo si nguo ya kujaribiwa na mtazamaji. Kilemba ambacho Msingasinga hukifunga kwa sababu ya imani yake si kitu cha kuvaliwa kwa kupigwa picha za mzaha. Hali kadhalika rozari ya Wakatoliki si mkufu wa kujipamba. Kuikataa nguo ya mgeni kwa kiburi ni kukosa adabu. Kuivaa nguo ya mwamini kwa mchezo ni kukosa adabu zaidi.

Na kama baada ya kuyasikia haya bado moyo wa mtu unamshuhudia kwamba asiingie, basi asiingie. Hakuna amlazimishaye. Akae nje kwa amani, awasalimu wenyeji, awangojee wenzake. Kosa langu pale Makindu halikuwa kukaa nje. Kosa langu lilikuwa kumfokea mzee aliyenikaribisha.

Akina mama wengine wamenieleza wasiwasi wa namna nyingine, kwamba hawana fedha za kununua nguo za safari. Hakuna haja ya kununua. Heshima haipimwi kwa bei. Kila mama atie katika kiondo chake leso mbili, moja ya kichwa na moja ya kujifunga. Hizo zamtosha katika nyumba karibu zote nilizozitaja. Wavulana wachukue suruali ndefu moja na shati moja lenye mikono, vyote vikiwa safi, hata kama vina viraka. Wasichana wachukue gauni lipitalo magoti, na lisilobana. Kila mtu avae viatu vyepesi kuvuliwa, na awe na soksi safi, kwa sababu sakafu iliyopigwa na jua la Pwani huunguza nyayo. Fulana zenye maneno ya kuchekesha au ya siasa ziachwe nyumbani. Tena mteue mmoja wenu, mtu mpole, awe ndiye wa kutangulia mlangoni na kuuliza, “Je, wenyeji wetu, desturi ya hapa ni ipi?” Swali hilo moja litawaokoa na makosa mengi ambayo mimi siwezi kuyataja yote leo.

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe, maana yake huonekana na kila mtu kati ya kuku wa kienyeji. Ninyi mtakapokuwa njiani, watu hawatawajua kwa majina. Watasema tu, “Hawa ni watu wa Kilungu.” Mkikosa adabu, waliobaki hapa milimani watashiriki aibu hiyo pasipo kujua, na mkiwa na staha, wengine watakaosafiri baada yenu watapokewa vizuri kwa ajili yenu.

Mimi sitakwenda pamoja nanyi, kwa kuwa miguu yangu imechoka. Lakini nina ombi moja. Mtakapofika Makindu, ingieni mle hekaluni, mpokee kitambaa mtakachopewa, mjifunike vizuri. Mle, mshukuru, na kabla ya kuondoka mkunje kile kitambaa mkirudishe mahali pake, kama alivyokikunja yule mzee. Sina njia nyingine ya kumwomba radhi.

Safari njema, na Mungu awarudishe salama.