Malawi: Fedha za Tabianchi na Mkono Ushikao Jembe

Mwezi Machi mwaka 2023, kimbunga Freddy kiliikumba kusini mwa Malawi. Watu zaidi ya 600 walithibitishwa kufa, na mamia wengine hawakuonekana tena. Askari wa Malawi waliingia matopeni kuokoa raia, na helikopta za Jeshi la Wananchi wa Tanzania zikavuka mpaka kwenda kusaidia. Lakini maji yalipokauka, lilibaki swali ambalo helikopta haiwezi kulijibu: nani atalifufua shamba?

Kwa sehemu kubwa, ni mwanamke. Hata hivyo, uchunguzi wa Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mashamba ya wanawake nchini Malawi huzaa pungufu kwa asilimia 28 kwa kila hekta kuliko yale ya wanaume. Katika Tanzania pengo hilo lilikuwa asilimia 16, na katika Uganda asilimia 13. Hasara ya Malawi ilikadiriwa kuwa dola milioni 100 kwa mwaka.

Wapo watakaodai kwamba mwanamke ni mvivu. Huo ni uzushi. Wengine watasema hana ardhi. Lakini kusini mwa Malawi, kwa mila, ardhi hurithiwa kwa upande wa mama. Kinachomkosesha mavuno ni uhaba wa nguvukazi, mbolea, zana na mazao ya biashara, huku maji, kuni na watoto vikimngoja nyumbani.

Mwaka 2009, kule Copenhagen, mataifa tajiri, ambayo moshi wa viwanda vyao ndio ulioitia dunia joto, yaliahidi kuzipa nchi changa dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Ahadi hiyo ilitimizwa mwaka 2022, tena sehemu kubwa ikiwa mikopo. Mwaka 2024, kule Baku, iliahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Nchi changa zina haki ya kudai deni hilo. Lakini zina wajibu pia: fedha zikiishia maofisini, au zikipitia mikononi mwa wanaume peke yao, kimbunga kijacho kitamkuta mkulima yule yule na jembe lile lile.

Askari alindaye mpaka hula kilicholimwa na mama huyo. Ulinzi wa taifa huanzia ghalani.